FILAMU BILA SHEREHE: Kutoweka kwa Nyongeza za Filamu za Nyumbani na Nafasi ya Mtafsiri wa Kibanda Umiza

UTANGULIZI

Neno "sherehe" lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza kila mtu anaijua: ngoma, pilau na vigelegele. Ya pili tunaijua zaidi sisi tunaosoma tenzi: ni maelezo yanayowekwa pembeni au mwishoni mwa matini ili kumfungulia msomaji maneno na mambo yasiyomwelea. Chukua Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Ndani yake mna Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwanakupona, lakini mna pia utangulizi na maelezo ya mhariri. Yaondoe maelezo hayo, na wengi wetu hapa chuoni tutabaki tunapapasa ubeti kwa ubeti kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Makala haya yanahusu sherehe ya maana hiyo ya pili, ila si ya tenzi. Ni ya filamu. Kwa miaka ipatayo ishirini filamu zilizouzwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani zilikuwa na sherehe yake ndani ya diski: maelezo ya mwongozaji, mahojiano, vipande vilivyokatwa, picha za namna filamu ilivyotengenezwa. Siku hizi mambo hayo yanatoweka. Makala yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza nyongeza hizo zilikuwa nini na kwa nini zinatoweka. Pili, kuonyesha kwamba kwetu Afrika Mashariki zilitoweka mapema kuliko kwa wenye mali, na pengo lake likazibwa na mtu ambaye uhakiki wetu haujampa heshima yake, yaani mtafsiri wa kibanda cha video. Tatu, kudai kwamba naye akipotea bila kuandikwa, hasara itakuwa ya fasihi, si ya burudani peke yake.

Najua watakuwepo watakaouliza: filamu inatafuta nini katika jarida la fasihi? Jibu ni fupi. Filamu ni hadithi yenye wahusika, mgogoro, mandhari na dhamira. Na tuseme kweli, wengi wa rika letu tulijifunza kubishana juu ya mhusika na kisa ndani ya kibanda umiza kabla hatujafungua riwaya hata moja.

NYONGEZA ZILIKUWA NINI?

Historia yake si ndefu. Mwaka 1984 kampuni ya Marekani ya Criterion ilitoa filamu ya zamani ya King Kong (1933) katika diski ya leza, ambayo ilikuwa pana kama santuri. Diski ile ilikuwa na nafasi ya mkondo wa pili wa sauti. Badala ya kuuacha mtupu, walimwita Ronald Haver, mtunzaji wa filamu katika jumba la makumbusho la Los Angeles, akaongea juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho huku picha zikienda. Mtazamaji alikuwa na hiari: akitaka asikilize filamu, akitaka amsikilize Haver.

Jambo lile lilibaki la watu wachache wenye fedha mpaka ilipokuja DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na kanuni zake zinaruhusu mikondo minane ya sauti na thelathini na miwili ya maandishi ya chini. Nafasi ilikuwepo, wauzaji wakaijaza. Mfano mzuri ni Titanic (1997). Ilipotolewa kwa DVD mwaka 1999 ilikuwa karibu filamu tupu. Mwaka 2005 ikatolewa upya ikiwa na maelezo ya mwongozaji James Cameron, maelezo ya waigizaji na mafundi, maelezo ya wanahistoria wawili wa meli ile, vipande vilivyokatwa, na hata mwisho mwingine ambao haukutumika. Filamu ni ileile, lakini mnunuzi wa 2005 alipewa pia njia ya kuihoji.

Hapo ndipo penye maana yake kwa mhakiki. Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils (1987), alivichambua vitu vyote vinavyoizunguka matini bila kuwa matini yenyewe: jina la kitabu, jalada, dibaji, tabaruku, maelezo ya chini. Neno lenyewe la Kifaransa linamaanisha vizingiti. Mtu haingii nyumbani bila kuvuka kizingiti, na namna unavyokivuka ndiyo inayokuandaa kwa yaliyomo ndani. Nyongeza za filamu zilikuwa vizingiti vya aina hiyo. Zaidi ya yote zilimfundisha mtazamaji wa kawaida jambo moja ambalo sisi hulipata kwa kukaa darasani miaka mitatu: kwamba kazi ya sanaa imetengenezwa. Kuna mtu aliyeamua kamera isimame pale, mwanamke yule afe, neno lile lifutwe. Ukishajua kwamba uamuzi ulifanyika, unaweza kuuliza ulifanyika kwa manufaa ya nani. Uhakiki unaanzia hapo.

KWA NINI ZINATOWEKA?

Sababu ya kwanza ni soko. Mwishoni mwa muongo wa 2000 mauzo ya diski yalianza kushuka Marekani, watu wakahamia kwenye filamu zinazotiririshwa kwa intaneti. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilianza kutiririsha mwaka 2007. Mwaka 2016 ikafika karibu nchi zote za Afrika. Na Septemba 2023 ikatuma diski yake ya mwisho. Mwaka 2024 Best Buy, mojawapo ya maduka makubwa ya vifaa vya umeme Marekani, yaliacha kabisa kuuza filamu za diski.

Sababu ya pili imo katika namna bidhaa inavyouzwa. Wakati wa diski, nyongeza ilikuwa chambo. Mtu aliyekwisha kuiona filamu sinema alihitaji sababu ya kuinunua, na aliyekwisha kuinunua mara moja alihitaji sababu ya kuinunua tena. Katika utiririshaji hununui filamu. Unalipia mlango kwa mwezi, halafu unapita kutoka filamu hii hadi ile. Mwenye mlango hapati senti ya ziada kwa wewe kukaa saa mbili zaidi na filamu ileile ukisikiliza namna ilivyotungwa. Tena anapokodi haki ya kuonyesha filamu, mara nyingi hukodi filamu yenyewe tu. Nyongeza zina wenyewe, na zinadai mikataba yake.

Tusidanganywe kwamba eti teknolojia haiwezi. Huduma hizo hizo zinaweka sauti za lugha nyingi kwenye filamu moja. Mkondo mmoja wa mwongozaji ungewashinda nini? Ushahidi kwamba inawezekana upo: Criterion walipofungua huduma yao ya kutiririsha mwaka 2019 waliendelea kuweka maelezo na mahojiano, na Disney nao huziwekea nyongeza baadhi ya filamu zao. Kwa hiyo tunalolizungumzia ni uamuzi wa kibiashara. Filamu imerudishwa kuwa kitu cha kumezwa.

KWETU ZILITANGULIA KUFA

Hadi hapa nimesimulia habari za wenye diski zao. Sasa turudi nyumbani.

Rukuba ni kisiwa cha Ziwa Victoria katika Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Ukitoka Musoma mjini unakwenda kwa boti. Ni kisiwa cha wavuvi. Mwaloni utasikia Kijita, Kijaluo, Kikerewe na Kiswahili cha kila namna. Mimi nimekulia huko, na kuhusu filamu za nyumbani nina jambo la kusema ambalo halimo katika vitabu: nyumbani kwenyewe hapakuwa na filamu. Filamu ilikuwa kibandani.

Kalenda ya kibanda iliwekwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukipevuka, taa haina nguvu ya kumvuta dagaa, na mvuvi hubaki nchi kavu. Siku za mbalamwezi ndipo kibanda kilipojaa. Jenereta nje, mabenchi ndani, joto, moshi wa sigara, watoto wamekaa chini mbele kabisa. Ndiyo maana ya kuitwa kibanda umiza, kwa sababu unatoka umeumia lakini umefurahi.

Na tulitazama nini? Diski za mkusanyiko. Wale wa rika langu mnazikumbuka: kava lenye picha ndogondogo kumi au ishirini, filamu zote za Schwarzenegger, zote za Van Damme, zote za Jet Li, katika DVD moja isiyo halali. Hebu tupige hesabu. Diski iliyopangiwa kubeba filamu moja na sherehe yake imebanwa ibebe filamu ishirini. Cha kwanza kutupwa ni nini? Ni maelezo, mahojiano, vipande vilivyokatwa, mara nyingine hata orodha ya majina ya mwisho. Hata diski za VCD, zilizotangulia na kutamba sana Tanzania, hazikuwa na nafasi: kila moja ilibeba dakika kati ya 74 na 80 tu, kiasi kwamba filamu ndefu ilibidi ikatwe mbili.

Kwa hiyo wakati wenzetu wa Marekani mwaka 2005 wanamsikiliza Cameron akieleza meli yake, sisi tulikuwa tumeshafika kule ambako wao wanafika sasa: filamu tupu, moja baada ya nyingine, bila kizingiti. Utiririshaji wa leo, kwa jicho la mtoto wa Rukuba, ni diski ya ishirini-katika-moja iliyotengenezwa kihalali.

Hali hiyo ilituathiri namna ya kufikiri. Diski ilipangwa kwa jina la stelingi, nasi tukajifunza kuihesabu sanaa kwa stelingi. Tulijua Commando (1985) ni "ya Schwarzenegger". Jina la Mark L. Lester, aliyeiongoza, hakuna aliyelitaja. Stelingi hafi, adui lazima afe, na baina yao hakuna mtunzi. Tuliziona filamu kama mvua, yaani kitu kinachonyesha chenyewe. Hii ndiyo hasara halisi ya kukosa sherehe, na nadhani walimu wanaolalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanamjadili mhusika wa riwaya kana kwamba ni jirani yao, wangeanza kutafuta chanzo kibandani.

MTAFSIRI KAMA MSHEREHESHAJI

Lakini pengo halikubaki wazi. Hadhira iliyokuwa na Kiingereza cha kuombea maji, achilia mbali Kichina na Kihindi, ilihitaji mtu wa kusimama kati yake na kioo. Akaja mtafsiri.

Tanzania sauti iliyovuma kupita zote ni ya Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya yuko DJ Afro, na Uganda, kwa Kiluganda, VJ Jingo na wenzake. Kazi ilianza kwa kusimulia papo kwa papo mbele ya watazamaji, kisha sauti ikarekodiwa juu ya filamu na kanda kuuzwa au kukodishwa. Baadaye zikaja diski. Sauti ya asili hupunguzwa, ya mtafsiri ikapanda juu yake. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyewachunguza watafsiri wa Tanzania, ameiita kazi yao katika makala yake kuwa ni kugeuza wali kuwa pilau.

Neno "mtafsiri" lenyewe linampunja. Tafsiri ingekuwa kusema Kiswahili alichosema mhusika Kiingereza. Huyu anafanya zaidi. Anawapa wahusika majina yanayotamkika. Anaeleza mji ule uko wapi na kwa nini askari wanamtafuta yule bwana. Pale picha inapokaa kimya yeye hakai kimya: anatabiri, anakejeli, anatia methali, anamtukana adui kwa niaba yetu. Hadithi inapokwenda haraka anaturudisha nyuma kutukumbusha.

Mulokozi, katika kitabu alichokiandikia Chuo Kikuu Huria (1996), anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Tuyapime kibandani. Fanani yupo, ni mtafsiri. Hadhira ipo, na inajibu kwa kelele. Fani inayotendwa ni usimulizi. Tukio, mahali na wakati navyo vipo, na vinafuata mwezi na dagaa. Mtu atasema sauti iliyokwisha kurekodiwa haina utendaji hai. Kweli, kwa kiasi fulani. Ila tazama hadhira ya kibanda: inaijibu sauti iliyorekodiwa kana kwamba mwenyewe yumo chumbani. Kilichotokea ni kwamba filamu, sanaa ya kiwandani, imerudishwa ndani ya utaratibu wa ngano.

Sasa linganisha sherehe hizi mbili. Sherehe ya DVD ni ya mtunzi. Mwongozaji anasema: nilikusudia hivi, ndiyo maana nikafanya hivi. Ina manufaa yake, lakini ina mamlaka ndani yake. Mwenye kazi anakuelekeza namna ya kuipenda kazi yake. Sherehe ya mtafsiri inatoka upande wa pili wa kioo. Ni ya hadhira. Haiulizi Cameron alikusudia nini, inauliza sisi tulioko hapa yanatuhusu nini.

Titanic yenyewe inatufaa tena kama mfano. Mtu wa ziwani akiiona meli ile ikiinama, hawezi kutoikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, na wa baadaye ataikumbuka MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Watu waliojazana kupita kiasi, abiria wa madaraja, nani aliokolewa na nani hakuokolewa: mambo haya kwetu yana majina na makaburi. Diski ya mwaka 2005, pamoja na wanahistoria wake wawili, haiwezi kuyasema hayo. Mtafsiri anaweza, kwa sentensi moja, na akishasema, filamu ya mapenzi ya Kizungu inageuka kuwa mjadala wa usalama wa vyombo vya majini. Kama huo si uhakiki, basi uhakiki ni nini?

Na ziko filamu ambazo ziwa letu ndilo mhusika. Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper ilipigwa Mwanza, juu ya sangara, ndege za mizigo na umaskini wa wavuvi. Haina msimulizi hata mmoja. Picha na mahojiano vimeachwa vijisemee. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na Ulaya nako ukazuka ubishi mkali juu ya kile picha zile zilichokithibitisha na ambacho hazikukithibitisha. Hao wote walikuwa wanaipigania sherehe ya filamu isiyo na sherehe. Mvuvi wa mwaloni, ambaye ndiye aliyepigwa picha, hakuwa na kipaza sauti.

Simtaki msomaji adhani namsafisha mtafsiri. Kasoro zake ni kubwa. Anakosea, na mara nyingine anazua kisa kizima pale asipoelewa. Anapenda sana stelingi, na wanawake wa filamu huwageuza mzaha wa kuchekesha vijana. Tena kuna kasoro ya kifundi iliyo nzito kuliko zote: sauti yake haizimiki. Haver wa mwaka 1984 unaweza kumnyamazisha ukabaki na King Kong. Mtafsiri ameunganishwa na filamu milele, na maneno ya wahusika yamezikwa chini yake. Kumbe DVD ile ile iliyotufikia imebanwa filamu ishirini ilikuwa na nafasi ya mikondo minane ya sauti! Wa kwanza ungekuwa wa wahusika, wa pili wa mwongozaji, wa tatu wa Lufufu. Hakuna sheria ya fundi iliyozuia. Haikufanyika kwa sababu aliyekuwa na haki ya diski hakumjua Lufufu, na aliyemjua Lufufu hakuwa na haki ya diski.

BONGO MUVI NAZO

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya filamu za wageni. Tuangalie zetu.

Tangu Girlfriend (2003) filamu za Tanzania zilienea kwa diski, mara nyingi sehemu ya kwanza na ya pili zikiuzwa mbalimbali. Kampuni ya Steps Entertainment ilikuwa msambazaji mkubwa. Sherehe yake ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo: kava lenye muhtasari na majina, vionjo vya filamu zijazo mwanzoni, na katika baadhi ya filamu, baada ya mwisho, picha za waigizaji wakikosea maneno na kucheka au wakihojiwa mahali pa kazi. Wengi tulizipitisha haraka. Nasema sasa kwamba zile zilikuwa nyaraka.

Uharamia ukaibana biashara. Mwaka 2013 serikali ilianza kutaka stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki, kwa nia ya kumtenga mwizi na mwenye mali. Lakini mtazamaji alikuwa anahama diski yenyewe. Filamu zikaenda kwenye runinga za kulipia, kwenye YouTube, na zaidi kwenye flashi na memori kadi, ambako kijana mwenye kompyuta anakurushia muvi kumi kwa bei ya soda. Flashi haina kava. Nakala nyingi za YouTube nilizozitazama zinaanzia kwenye nembo ya chaneli na kuishia kabla majina hayajamalizika kupita.

Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Filamu zake kubwa, kama vile Dar 2 Lagos (2006), zinatazamika hadi leo. Lakini mwanafunzi atakayetaka kuandika tasnifu juu ya namna Kanumba alivyofanya kazi hatatosheka na filamu. Atahitaji Kanumba akiongea juu ya kazi, akimrekebisha mwenzake, akirudia onyesho mara ya nne. Vipande vya aina hiyo, kama vimo mahali, vimo katika diski zinazochubuka ndani ya makabati ya watu. Diski haisubiri mtu amalize shahada.

TUNAPOTEZA NINI, NA TUFANYE NINI?

Ipo hoja inayopinga yote niliyosema, nayo ni nzito, kwamba kazi nzuri ya sanaa inajitosheleza, na anayehitaji kuelezwa na mwongozaji hajaitazama vizuri. Upo upande wa hoja hii ninaoukubali. Kauli ya mtunzi si hukumu ya mwisho, na wapo waongozaji wanaoongea saa mbili bila kusema kitu. Hata hivyo hoja yenyewe huletwa na watu waliokwisha kupata sherehe yao kwingine: shuleni, katika magazeti, katika maktaba. Mtoto wa mwaloni hana mahali pengine. Kumnyima nyongeza kwa kisingizio cha usafi wa sanaa ni kumwambia aliyeshiba amshauri mwenye njaa.

Wengine watasema: mahojiano yamejaa mtandaoni, tafuta. Ni kweli yamejaa. Lakini mengi ni ya kutangaza filamu kabla haijatoka, na hayakufungwa na picha. Maelezo ya ndani ya diski yalikuwa na nguvu kwa kuwa yalisemwa juu ya onyesho lile, dakika ile, nawe unaliona. Ni tofauti ya mwalimu anayechambua ubeti ulio mbele yako na mwalimu anayekuhadithia kwamba aliwahi kumwona mshairi.

Fikiria Vuta N'kuvute. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999 na tunaisoma. Filamu ya Amil Shivji ilitoka mwaka 2021. Yeyote kati yetu atakayeziweka pamoja atakutana mara moja na maswali: kwa nini hapa amekata, kwa nini pale ameongeza, kwa nini Yasmini anatazama baharini badala ya kusema? Saa mbili za mwongozaji akiongea juu ya picha zake zingetupa kitu cha kukubaliana nacho au kubishana nacho. Na mtafsiri wa Zanzibar au wa Musoma akiongea juu ya filamu hiyohiyo angetupa kingine. Tungekuwa na riwaya, filamu, sherehe ya mtunzi na sherehe ya hadhira. Semina nzima hiyo.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. La kwanza, tukusanye. Likizo ijayo kila mmoja arudi na diski za zamani za kwao, pamoja na makava yake, zinakiliwe na kuorodheshwa kabla hazijaharibika. Vitengo vya nyaraka vya maktaba zetu vinatunza tasnifu na magazeti, vinaweza kutunza na hizi. La pili, tuwarekodi na kuwahoji watafsiri kama tunavyowarekodi manju na wasimulizi wa ngano. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayesafiri mbali kumtafuta bibi wa mwisho anayejua hadithi za sungura, njiani amepita vibanda vitano. La tatu, wenzetu wanaotengeneza filamu wakae na simu, waitazame kazi yao, waongee tangu mwanzo hadi mwisho na kuitunza sauti hiyo. Inagharimu jioni moja.

HITIMISHO

Tumeona kwamba nyongeza za filamu zilizaliwa kwa sababu diski ilikuwa na nafasi na muuzaji alihitaji chambo, na zinakufa kwa sababu muuzaji wa leo hauzi filamu tena, anauza mlango. Tumeona kwamba kwetu zilikatwa mapema, katika diski za ishirini-katika-moja, na kwamba watu waliokosa sherehe ya mtunzi walijitengenezea yao wenyewe. Ya mtunzi inauawa na soko, wala hatuna uwezo mkubwa juu ya hilo. Hii ya pili inauawa na dharau yetu, na hapo tunao uwezo. Wanaoona kwamba nimempa mtafsiri ukubwa usiokuwa wake, na wale wa darasa la nadharia watakaoona nimemchukulia Genette kwa wepesi, kurasa za toleo lijalo ni zao. Waje na hoja, na kama wanayo, waje na diski.